Ada ya Chuo na Bei ya Shamba

Mzazi wa Singida anayeuza ekari mbili za shamba ili mwanawe akasome usimamizi wa ardhi Tabora anafanya biashara mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi anaipigia hesabu moja tu. Anahesabu ada, nauli, chumba na chakula, anajumlisha, kisha anauliza mtoto atalipwa mshahara kiasi gani akimaliza. Biashara ya pili, ile ya kuliachia shamba kwa bei ya leo, haiingii kwenye karatasi. Kazi imeniweka miaka mingi karibu na mambo ya viwanja, hati na fidia katika mkoa huu, na hesabu hiyo nimeisikia ikipigwa katika familia nyingi. Nimeona pia ilivyoishia, kwa vijana waliokwenda wakarudi na kwa waliokwenda wasirudi. Msimamo niliofikia ni huu: stashahada ya ardhi kutoka chuo cha kati inalipa, tena kuliko wazazi wengi wanavyodhani, lakini hailipi kwa njia wanayoitegemea, na familia inayouza ardhi ili kuinunua inajipunja kabla mtoto hajaingia darasani.

Kwanza tuangalie kinachonunuliwa. Elimu ya ardhi nchini imeutangulia uhuru. Mwaka 1956 ilianzishwa shule ya wapima ardhi Dar es Salaam, miaka miwili baadaye ikahamia mahali kilipo leo Chuo Kikuu Ardhi, mwaka 1996 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 ikasimama peke yake kama chuo kikuu. Huko ndiko wanakosomea shahada ya uthamini na ya milki. Kwa ngazi ya kati vipo vyuo vya Ardhi vya Morogoro na Tabora. Cha Morogoro kinajulikana zaidi kwa upimaji na mipango miji. Cha Tabora kinafundisha usimamizi wa ardhi, uthamini na usajili, pamoja na ramani na uchapaji. Kwa mtu wa Singida, Tabora ni jirani: wa Manyoni na Itigi wana treni ya reli ya kati, wa Iramba na Singida mjini wanapita Nzega kwa basi. Mafunzo yanakwenda kwa ngazi chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo manne anaanza ngazi ya 4 kwa mwaka mmoja, na akiendelea, miaka miwili mingine inamfikisha ngazi ya 6, yaani stashahada. Mpangilio huu una faida ambayo wazazi wachache huitumia. Mtoto anaweza kusimama baada ya mwaka mmoja akiwa na cheti mkononi, akafanya kazi, akarudi chuoni fedha zikipatikana. Mwanafunzi wa shahada akikwama mwaka wa pili hana cha kuonyesha.

Sasa gharama. Ada ya kila chuo imeandikwa katika kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho NACTVET hukitoa kila mwaka, na mzazi anaweza kuisoma kabla ya kuomba nafasi. Si ada peke yake inayolemea. Chukua chakula: mwanafunzi anayekula milo miwili ya shilingi 2,000 kila siku anatumia shilingi 4,000, na kwa miezi tisa ya masomo hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja, kabla ya chumba, godoro, nakala za vitabu, nauli za likizo na mafunzo kwa vitendo, ambayo mara nyingi mwanafunzi hujigharamia mwenyewe. Zidisha kwa miaka mitatu. Ongeza miaka hiyohiyo ambayo kijana angekuwa shambani au dukani akiingiza chochote. Mikopo ya serikali kwa ngazi ya stashahada ilianza kutolewa mwaka wa masomo 2023/24, nayo ililenga fani zilizopewa kipaumbele, kwa hiyo mzazi asiiweke kwenye bajeti mpaka aone jina la kozi ya mwanawe kwenye orodha. Kwa mkulima wa alizeti ambaye fedha humjia mara moja kwa mwaka baada ya mavuno, mzigo huu haugawanyiki vizuri, na ndiyo sababu shamba linakuwa jibu la haraka.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Singida na watu 1,370,637. Ya 2022 ikaukuta na watu 2,008,058. Ni ongezeko la karibu nusu ndani ya miaka kumi, na wote hao wanahitaji mahali pa kulala. Mashamba yaliyouzunguka mji, upande wa Mandewa, Unyambwa na Mtipa, yamekuwa yakigeuka viwanja mwaka hadi mwaka. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047. Ukitoa barabara na maeneo ya wazi, unabaki na nafasi ya viwanja vinne au vitano vya mita 600. Tuseme baba ameiuza ekari hiyo kama shamba kwa shilingi milioni 4, kwa haraka, Septemba, kwa sababu chuo kinafunguliwa Oktoba. Tuseme aliyeinunua ameipanga na kuipima kisha akauza kiwanja kimoja kwa shilingi milioni 2 tu. Amepata milioni 8 hadi 10, na hata akitoa gharama za kupanga na kupima anabaki na faida inayotosha kumlipia mtoto wa mwingine chuo. Bei nilizotaja ni za mfano, na kila mtaa una zake, lakini uwiano huo nimeukuta mara nyingi pembezoni mwa mji kiasi kwamba sioni kuwa ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Familia imelipia elimu ya kujua thamani ya ardhi kwa kuuza ardhi ambayo thamani yake ilikuwa haijaijua.

Wazazi wengi hunijibu kwamba shamba halina maana kama mtoto hana kazi, na kazi wanayoifikiria ni ya serikali. Matumaini hayo yana sababu. Sherehe za kitaifa za Mei Mosi 2025 zilifanyika hapahapa Singida, na ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kupanda kwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Aliyekuwa akisikiliza huku akiwa na mtoto kidato cha nne alikuwa na haki ya kuota. Lakini mkoa una halmashauri saba tu, na idara ya ardhi ya halmashauri haiajiri watu kwa makumi. Nafasi zinapotoka, hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kijana wa Mkalama anashindana na wa nchi nzima. Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Zamani kodi ya majengo iliyotegemea uthamini ilizipa halmashauri sababu ya kutuma watu nyumba kwa nyumba. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye umeme wa LUKU kwa kiwango kimoja, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 shilingi 1,500. Mfumo huo umemrahisishia mlipakodi, nami siupingi, ila umepunguza aina moja ya kazi ambayo wahitimu wa vyuo vya kati walikuwa wakiitegemea. Kwa hiyo ajira ya serikali ihesabiwe kama jambo linaloweza kutokea, na stashahada ipimwe kana kwamba haitatokea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka mtaani. Dalali wa nyumba pale Misuna au Kibaoni hana stashahada wala cheti, na anaishi. Anamwonyesha mpangaji chumba, mpangaji akikikubali analipa kodi ya mwezi mmoja kama ujira wa dalali, na kiwanja kikiuzwa dalali anachukua asilimia waliyokubaliana. Kwa nini mtu asome miaka mitatu? Wanaouliza hivi wako sahihi kuhusu udalali. Jirani zetu Kenya walitunga sheria ya mawakala wa majengo mwaka 1984 na kuweka bodi ya kuwasajili. Jimbo la California kule Marekani humtaka muuza nyumba asome saa 135 za masomo na kufaulu mtihani kabla ya kupewa leseni, na watu wengi huzikamilisha saa hizo katika vyuo vya jamii vya karibu na kwao. Kwetu kazi hii imeendeshwa miaka yote kwa kufahamiana na kwa simu ya mkononi. Mwaka 2025 serikali iliitaja katika amri ya leseni za biashara, ikauweka udalali wa biashara na wa majengo miongoni mwa shughuli ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Hilo linamlinda dalali Mtanzania bila kumtaka asome chochote. Kwa hali hiyo, kijana anayetaka kupangisha vyumba asiende Tabora. Aanze leo, na fedha ya ada aiweke kwenye kitu kingine.

Lakini udalali wa vyumba ni sehemu ndogo ya kinachotokea kwenye ardhi ya Singida, na sehemu iliyobaki ndiyo inayohitaji mtu aliyesoma. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, kati yake 1,147 zikiwa ndani ya Tanzania, na Singida ni mmoja wa mikoa minane linamopita. Reli ya kisasa imefika Makutupora, wilayani Manyoni, na kutoka hapo ujenzi unaelekea Tabora. Ikungi kuna mgodi wa dhahabu ulioanza kuzalisha mwaka 2023. Manyoni kuna mashamba ya pamoja ya korosho yaliyowavuta watu wa kutoka mbali waliokuwa hawajawahi kukanyaga mkoa huu. Kila mradi wa namna hiyo unapofika, kabla ya greda kuja, huja watu wenye fomu. Wanaandika jina la mwenye eneo, wanapiga picha mbele ya nyumba akiwa ameshika kibao chenye namba, wanahesabu miembe na mikorosho kwa umri wake, wanapima kuta za tembe, wanaandika choo, kisima, zizi na makaburi. Fomu hiyo ikishasainiwa, ndiyo itakayosema kwa niaba ya mwenye shamba katika kila ofisi itakakopita.

Ningependa tukae kidogo kwenye fomu hiyo, kwa sababu ndipo elimu ya chuo cha kati inapobadilika kuwa shilingi. Sheria za ardhi za 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na kanuni za 2001 zinaeleza inavyokokotolewa. Juu ya thamani ya ardhi na vilivyomo, mtu aliyekuwa akiishi hapo anastahili posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayohesabiwa kwa tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20, na posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko ya nyumba yake kwa miezi 36. Tazama hiyo ya mwisho. Nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 40,000 inampa mwenyewe shilingi 1,440,000. Ikiandikwa kuwa ingepangishwa kwa 20,000, anapata 720,000. Ikiandikwa kuwa haikaliwi na mtu, kwa sababu siku ya ukaguzi familia ilikuwa shambani na mlango umefungwa kwa kamba, posho hiyo haipo kabisa. Hakuna aliyemwibia mtu hapo kwa maana ya kawaida. Ni mstari mmoja umejazwa na mtu mwenye haraka, na aliyesaini hakujua unamaanisha nini. Sheria ya Uthamini ya 2016 nayo imeweka kwamba uthamini wa fidia una uhai wa miaka miwili tangu uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inahesabiwa. Mwanakijiji anayesubiri mwaka wa tatu bila kujua haya anaomba msaada, wakati alichonacho ni dai halali. Mhitimu wa stashahada anayajua yote mawili tangu mwaka wa pili wa masomo.

Nitaulizwa: na nani atamlipa? Mwanakijiji hana fedha ya mshauri. Ni kweli hana fedha ya mshauri wa Dar es Salaam mwenye gari na posho ya siku. Ana uwezo wa kumlipa kijana wa kata yake anayemwandikia barua, anayemsomea fomu, anayefuatilia jalada katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Ofisi hizo zilifunguliwa mwaka 2020 katika mikoa yote, na tangu hapo mtu wa Iramba halazimiki kwenda kanda Dodoma kwa ajili ya hati. Kuna pia kampuni za upangaji na upimaji zinazopewa kazi za urasimishaji mitaani. Huja na wataalamu wao wachache, kisha hutafuta wasaidizi wa hapa wa kuhakiki mipaka, kujaza dodoso, kusuluhisha majirani waliogombania mstari wa michongoma. Kijana anayezungumza Kinyaturu au Kinyiramba na wazee, na anayeweza wakati huohuo kusoma ramani ya mipango miji, anamwokolea mkandarasi muda, na muda wa mkandarasi una bei. Mapato haya hayaji kila mwezi. Huja kwa msimu, huja kidogokidogo, na miaka miwili ya mwanzo huwa migumu. Anayetaka mshahara wa tarehe 25 asidanganywe kwamba atayafurahia.

Upande wa mjini kuna kazi nyingine, inayohusu kodi. Watu wengi wa Singida wanaojenga nyumba za kupangisha hujenga kwa fedha taslimu, chumba hiki mwaka huu na kingine mwaka kesho, kwa kuwa mikopo ya nyumba nchini bado haijafika hata asilimia moja ya pato la taifa. Risiti za saruji na mabati hutupwa. Siku ya kuuza, mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida aliyoipata, na tangu Sheria ya Fedha ya 2023, mtu binafsi asiye na kumbukumbu za gharama zake hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Nyumba ya kupangisha iliyomgharimu mtu milioni 40 ikauzwa milioni 50 ina faida ya milioni 10: mwenye risiti analipa milioni moja, asiye na risiti analipa milioni moja na nusu. Mali bila daftari, wahenga walishasema, huisha bila habari. Mtu wa kumtunzia mwenye nyumba daftari hilo, kumwandalia mikataba ya wapangaji, kumkumbusha kodi ya pango la ardhi na kibali cha ujenzi, anafanya kazi ambayo mjini Singida ni wachache wanaoifanya kwa utaratibu, na nyumba ishirini zinazosimamiwa kwa ada ndogo ya kila mwezi zinampa kijana kipato ambacho udalali wa kubahatisha haumpi.

Wapo wanaosema kama ni kusoma, basi asome shahada. Hoja yao kubwa ni ya kisheria, na mzazi lazima aisikie kabla ya kulipa hata senti. Sheria ya Uthamini ya 2016 inamtaka anayefanya kazi hiyo kwa jina lake awe amesajiliwa na bodi ya wathamini, na mwenye stashahada peke yake hawezi kutegemea kusaini ripoti ambayo benki itaipokea kama dhamana ya mkopo. Atakusanya takwimu, atapima, ataandika rasimu. Saini itakuwa ya mwingine, na sehemu kubwa ya malipo itakuwa ya mwenye saini. Hicho ni kikomo cha kweli, na chuo au wakala wa udahili anayekificha hamtendei haki mwanafunzi. Hata hivyo shahada nayo ina gharama yake. Ni miaka mitatu hadi minne Dar es Salaam baada ya miaka miwili ya kidato cha tano na sita, na aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Mwenye stashahada yenye wastani mzuri anaruhusiwa kuomba shahada baadaye, akiwa tayari ameshika kazi kwa mikono yake na anajua kama anaipenda. Kati ya kuruka moja kwa moja na kupanda ngazi, familia yenye kipato cha mavuno inapanda kwa usalama zaidi. Huchelewa kufika, nakubali, lakini ikikwama njiani haibaki na deni bila cheti.

Lipo pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko yote, na wazee ndio hulisema. Wanasema tukiwasomesha watoto wetu biashara ya ardhi, tutakuwa tunaharakisha ardhi kuuzwa. Kwamba shamba la ukoo halikuwa bidhaa, na aliyefundishwa kulipigia bei atalitazama kama mzigo wa alizeti. Sehemu kubwa ya ardhi ya mkoa huu bado ni ya vijiji, chini ya halmashauri za vijiji na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hofu hiyo ina mantiki. Lakini mauzo yanaendelea bila wasomi. Yanaandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, mashahidi wawili, muhuri wa mwenyekiti, na mara nyingi bila mke kuulizwa. Sheria hiyohiyo ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi, na mjane anayefukuzwa na shemeji zake Mgori au Ilongero ana ulinzi ambao hajawahi kusomewa. Binti aliyesoma usimamizi wa ardhi anapokaa kwenye kikao cha mirathi, kikao kinabadilika, kwa sababu kuna mtu anayeweza kusema ni ukurasa gani. Malipo haya hayaonekani kwenye mshahara wake. Yanaonekana kwa mama yake na dada zake, ambao wanabaki na mahali pa kulima.

Kuhusu fedha zenyewe, ushauri wangu kwa familia umekuwa mmoja: shamba likodishwe, lisiuzwe. Wakulima wa alizeti na vitunguu hutafuta ekari za kukodi kila msimu, na kodi ya misimu miwili au mitatu, pamoja na mbuzi na kuku wanaouzwa kwa mpango badala ya kwa dharura, inaweza kumfikisha mtoto mwisho wa ngazi ya 4. Hapo familia ikae tena. Kama mtoto amefaulu na kazi ameipenda, aendelee. Kama hakuna fedha, afanye kazi mwaka mmoja kwanza. Atakayelazimika kuuza auze baada ya kupima, sehemu tu ya eneo, kwa bei ya kiwanja. Najua kuna nyumba ambazo hata kukodisha haziwezi kwa kuwa ekari zilizopo ndizo zinazowalisha, na kwa hizo sina jibu rahisi. Naona ni heri mtoto akasomee ufundi VETA Singida akilala nyumbani kuliko chakula cha wadogo zake kigeuke ada.

Linabaki suala la vijana wasiorudi. Dodoma iko saa chache kwa basi, na tangu serikali ihamie huko kazi za viwanja zimejaa. Kijana wa Manyoni akivutiwa nako simlaumu. Ila akifika anakuwa mmoja kati ya wengi wenye cheti kilekile, wakati Itigi au Nduguti angekuwa peke yake. Kumrudisha si kazi ya mzazi tu. Halmashauri zetu saba zinaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti mpya: kuwapokea wanafunzi wa vyuo vya ardhi wanaotoka mkoani kwa mafunzo ya vitendo na kuwapa majalada halisi badala ya kuwakalisha mapokezi, na kila mkataba wa urasimishaji unaosainiwa na kampuni kutoka nje uwe na kipengele kinachoitaka iajiri wasaidizi waliosoma fani hiyo kutoka kata husika, kwa ujira ulioandikwa. Kampuni hizo huingia mkataba na mtaa au halmashauri kabla ya kuweka bikoni ya kwanza, na huo ndio wakati wa kuziwekea sharti hilo.